Rangi Zinazokaribiana: Shajara ya Sebule na Kabati la Nguo

Januari, mwanzoni

Mradi huu una sehemu mbili zinazokwenda pamoja, sebule na kabati la nguo. Sebule itakuwa na rangi za mchanga tu, kuanzia krimu nyepesi hadi kahawia hafifu. Nguo zitakuwa za buluu, kuanzia samawati iliyopauka hadi nili nzito. Hakutakuwa na mto mwekundu wa kulichangamsha kochi wala skafu ya manjano ya kuokoa shati. Nataka rangi zilizokaribiana sana, kiasi kwamba mtu akiingia anatulia kwanza, ndipo baadaye aanze kujiuliza utulivu umetoka wapi.

Najua kwamba rangi zinazokaribiana zina hatari ambayo zinazopingana hazina. Nyekundu na kijani zikikaa pamoja, hata asiyezipenda ataamini ziliwekwa kwa makusudi. Lakini krimu mbili zinazopishana kidogo, au koti la buluu juu ya suruali ya buluu iliyokaribia tu kuwa ile ile, huonekana kama vitu vilivyotakiwa kufanana vikashindwa. Hivyo swali la shajara hii ni moja: tofauti iwe ndogo kiasi gani, na iwe tofauti ya nini, mpaka jicho likubali kwamba imekusudiwa?

Ili nisibabaike, nafuata mpangilio wa Albert Munsell, mchoraji na mwalimu wa sanaa wa Marekani, aliyeuchapisha mwaka 1905. Kila rangi aliitenga kwa mambo matatu: ni rangi gani, ni nyepesi au nzito kiasi gani, na imekolea kiasi gani. Wepesi aliupanga kwa ngazi, 0 ikiwa nyeusi kabisa na 10 nyeupe kabisa. Mtu akisema tu kwamba rangi fulani zinakaribiana, hajasema kitu bado. Zinakaribiana kwa lipi? Krimu na samawati hafifu zaweza kuwa kwenye ngazi moja ya wepesi na bado zikawa rangi mbili za mbali. Samawati na nili ni rangi ile ile, zimeachana kwa ngazi nyingi za wepesi. Kazi nzima itakuwa kuchagua ni jambo lipi kati ya hayo matatu litulie na lipi litembee.

Januari, katikati

Vipande vimekusanywa. Kila kitambaa ninachokifikiria kimetoa kipande cha upana wa kiganja, na kila rangi ya ukuta imepakwa mara mbili kwenye ubao wake, hadi ukingoni. Hilo la ukingoni nalisisitiza. Ubao ukiachwa na mpaka mweupe, weupe ule unaifanya krimu ionekane chafu, na mtu anaikataa rangi nzuri kwa sababu ya jirani yake.

Nimeanza kwa kuzitenga krimu kulingana na zinakoelekea. Krimu ikiwa peke yake haisemi kitu, ni krimu tu. Ikae kando ya mwenzake ndipo inajifichua: moja inaelekea manjano, nyingine waridi, nyingine kijani kwa mbali, na ipo inayovutwa na kijivu. Nimezitandaza zote juu ya karatasi ya kijivu, nikazitazama macho yakiwa yamefumbwa nusu. Kwa namna hiyo alama ndogondogo za kitambaa zinapotea na rangi inabaki yenyewe.

Mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alikutana na jambo hili miaka mingi iliyopita. Mwaka 1824 alikabidhiwa idara ya kutia rangi nyuzi katika karakana ya Gobelins, Paris, inayofuma mazulia ya kutundika ukutani. Palikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za pale hazikolei. Akazichunguza, akakuta weusi wake hauna kasoro yoyote, ila ulionekana dhaifu kwa sababu ya buluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 akachapisha kanuni yake: rangi mbili zikikaa bega kwa bega, kila moja huisukuma nyingine iende mbali nayo.

Wengi huikumbuka kanuni hiyo wanaposhughulika na rangi kali. Mimi naiona inagusa zaidi kwenye rangi hafifu, kwa kuwa huko msukumo mdogo tu unatosha kuibadilisha rangi jina. Nimeweka mchanga wenye waridi ndani yake ubavuni mwa mchanga wenye kijani ndani yake. Wa kwanza ukazidi kuwa waridi, wa pili ukawa kijani hasa, wakati kila mmoja ukiwa peke yake ungeapa ni mchanga mtupu. Nimejaribu kuukaribisha ule wa kijani kwa sababu kitambaa chake ni kizuri mno, kitani nene yenye vifundo, lakini unawachafua wenzake wote. Umetoka. Sebule itabaki na zile zinazoelekea manjano yenye wekundu kidogo, na huo ndio mlango wa kuingilia: chochote kitakachokuja, hata kikapu, hata fremu ya mbao, kipite hapo kwanza.

Buluu zimenichukua muda mfupi sana ukilinganisha na krimu, na lipo la kulieleza hilo. Mwaka 1942 David MacAdam, mwanafizikia wa Marekani, alipima rangi mbili zinapaswa kuachana umbali gani ndipo jicho lizitenge, akaonyesha kwamba umbali huo haulingani kila mahali wala kila upande. Fomula ambazo viwanda hutumia leo kupima tofauti za rangi zimelijengea hilo hesabu: karibu na kijivu na weupe jicho ni kali, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo linavyosamehe. Kwa hiyo anayesema "nitachagua krimu tu, ni rahisi" anaingia kwenye eneo ambalo jicho la mgeni wake limechongoka kuliko kwingine kote.

Januari, mwishoni

Leo nimepima mwanga. Kitambaa cha pazia na kitambaa cha kochi vilikubaliana kabisa asubuhi mbele ya dirisha. Usiku chini ya taa, cha pazia kimetoa wekundu na cha kochi kimebaki na manjano yake. Ni vipande vile vile, juu ya meza ile ile.

Rangi za dukani za kutia nguo hazifanani kwa asili. Pamba hushika aina moja ya rangi, sufu na hariri hushika nyingine, poliesta nyingine tena. Mtengenezaji anaweza kuzifikisha zote kwenye mchanga ule ule chini ya mwanga mmoja, lakini kila moja inameza na kurudisha sehemu zake tofauti za mwanga. Badilisha taa, na makubaliano yanavunjika. Mwanga wa mchana unaotumiwa kama kipimo viwandani una joto la rangi, yaani kipimo cha mwanga unavyoelekea manjano au buluu, la kelvini 6500. Balbu ya manjano ya nyumbani iko karibu na 2700, nayo imejaa wekundu na ina upungufu mkubwa wa buluu. Vitambaa viwili visivyo vya nyuzi za aina moja ni lazima vipimwe kwenye mianga yote miwili kabla ya kuaminiwa.

Uamuzi wangu, na ninaushikilia kwa nguvu: balbu zinakuja kabla ya rangi ya ukuta. Nimezibadilisha zote za sebuleni ziwe 2700 na zenye uaminifu wa rangi wa zaidi ya 90, kile kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kama zilivyo, kinachoandikwa CRI au Ra kwenye boksi, ambacho cha juu kabisa ni 100. Kipimo hicho ni wastani wa sampuli 8 za rangi hafifu, kwa hiyo nyekundu iliyokolea haimo, hupimwa kando kwa jina la R9. Nimeitazama nayo, maana mchanga wenye wekundu ndani yake unapooza pale mwanga unapopungukiwa na wekundu. Balbu moja tu ya aina nyingine kwenye kona inatosha kuufanya ukuta mmoja uwe kuta mbili.

Jambo jingine la mwanga, ambalo wengi hulipita: weupe unaowaka. Vitambaa vyeupe vingi vya kisasa, na sabuni nyingi za unga, vina kemikali za kung'arisha zinazonyonya mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana, na kuurudisha ukiwa buluu. Ndiyo maana shati jeupe hung'aa hivyo juani. Kitambaa nilichotaka kiwe bitana ya pazia kilikuwa cha aina hiyo. Kando ya dirisha kilikuwa na ubuluu wa baridi, na kila krimu iliyokisogelea iligeuka kuwa nguo iliyozeeka. Nimechagua bitana ya pamba ambayo haijapaushwa. Na sabuni ya kufulia vitu vya sebuleni itakuwa isiyo na king'arishi, la sivyo krimu itaanza kuhama polepole kila inapofuliwa.

Februari

Ukuta umepakwa, na hapa ndipo nimejifunza mengi kuliko kwingine.

Rangi ni moja, imegawanywa mara tatu. Ukutani ni mchanga wenyewe, usiong'aa. Darini ni mchanga ule ule, ila rangi ya kukolezea iliyochanganywa kwenye kopo imewekwa nusu. Fremu za milango na mbao za chini ya ukuta zina rangi ile ile ya ukutani, bila kuongezwa wala kupunguzwa chochote, ila ni ya kung'aa kiasi. Dari hupata mwanga mdogo kuliko kuta, kwa hiyo rangi ile ile ya ukutani ikipandishwa juu inaonekana nzito zaidi. Nusu inairudisha mahali pake na kuisogeza mbele kidogo. Nayo ile ya fremu inarudisha mwanga kwa pamoja upande mmoja, wakati ile ya ukutani inautawanya pande zote. Ukisimama mlangoni fremu ni nzito kuliko ukuta, ukisogea kuelekea dirishani inakuwa nyepesi kuliko ukuta. Tofauti hiyo inatembea pamoja na mtu, na sijaona njia nyingine rahisi ya kupata rangi mbili kutoka kwenye moja.

Fundi aliyekuja kupaka aliyatazama makopo yakiwa wazi, akaniuliza, "Dada, una hakika hizi si rangi moja?"

"Subiri zikauke, fundi," nikamwambia.

Zilipokauka alikwenda mwenyewe kwenye pembe ya juu ya mlango, pale ukuta, dari na fremu vinapokutana, akapitisha kidole kwenye kila mstari. "Hapa inaachana," akasema, "na hapa tena." Pembe ile ndiyo ninayoipenda kuliko sehemu yoyote ya chumba. Mistari ni safi, haina kelele, na hakuna hata mmoja uliochorwa kwa rangi ngeni.

Mambo mawili ya kazi nayaandika kwa ajili ya atakayefuata. Kwanza, makopo yote ya rangi ya ukutani yamemwagwa kwenye ndoo moja kubwa na kukorogwa pamoja kabla ya kuanza, kwa sababu kopo na kopo, hata yenye namba moja, hupishana kidogo, na kupishana huko kunaonekana katikati ya ukuta ulio wazi. Kwenye chumba cha rangi nyingi kusingeonekana. Hapa kungekuwa mstari wa ziada usio na sababu. Pili, rangi ukutani hukolea kuliko kwenye ubao. Kuta nne za mchanga zinarushiana mwanga wa mchanga, na kila mrusho unaongeza mchanga juu ya mchanga. Nilichagua ubao uliokuwa umepauka hatua moja kuliko nilivyotaka, nao ukutani umefika pale pale nilipokusudia. Kadi nyingi za rangi huandikwa kipimo cha mwanga unaorudishwa, kutoka 0 hadi 100, na tarakimu hiyo imenisaidia kuliko jina lolote lililoandikwa juu ya kadi.

Machi, mwanzoni

Kochi limevikwa, na mito imeshonwa.

Rangi zinapokaribiana, mguso unapewa kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na rangi. Kochi lina kitani, uzi wake umepanda na kushuka, unashika vivuli vidogo. Blanketi lililotupwa mkononi mwake ni la sufu, lina manyoya mafupi yanayomeza mwanga. Mito ni ya pamba nzito na ya mahameli. Nimepima vipande hivi kwa picha ya simu iliyoondolewa rangi, yaani nyeusi na nyeupe, ambayo inaacha wepesi peke yake. Kitani na sufu vimetoka na kijivu kimoja kabisa. Rangi ni karibu moja na ngazi ya wepesi ni moja, lakini hakuna jicho linalovichanganya, wala hakuna linaloona kwamba vilitakiwa kufanana. Kumbe wepesi na rangi vyaweza kukutana pale pale, mradi nyuzi zenyewe ziachane waziwazi.

Kinyume chake ndicho kinachosumbua: pamba laini kando ya pamba laini, rangi zikipishana kidogo. Hapo jicho halina lingine la kushika ila ule upishano, na linauhesabu kuwa kasoro.

Mahameli yamenipa zawadi. Manyoya yake yamelala upande mmoja. Yakielekea juu, mtazamaji anaingia ndani ya manyoya na rangi inakuwa nzito na ya kina. Yakielekea chini, mwanga unateleza juu yake na rangi inakuwa nyepesi. Mafundi cherehani huchunga sana vipande vyote vya vazi moja vikatwe kwa mwelekeo mmoja, kusudi bega lisiwe na rangi yake na kifua na yake. Nikamwomba fundi afanye kinyume: mito miwili kutoka kwenye kitambaa kimoja, mmoja manyoya yakipanda na mwingine yakishuka. Imetoka mchanga mbili zilizoachana kwa takriban ngazi moja. Na kwa kuwa nyuzi ni zile zile na rangi iliyotiwa ni ile ile, haziwezi kugombana chini ya taa yoyote. Asubuhi, alasiri, usiku, zinasogea pamoja.

Machi, mwishoni

Zamu ya kabati.

Buluu zote zimetolewa na kutandazwa kitandani kwa ngazi za wepesi, kutoka shati la samawati iliyopauka hadi koti la nili. Picha isiyo na rangi imeonyesha mara moja kilichokuwa kikinisumbua bila kukielewa: nguo zilizorundikana katikati, sweta, sketi na suruali kadhaa, zote ziko ndani ya ngazi moja. Hizo ndizo zikivaliwa pamoja zinaonekana kama suti iliyopoteza nusu yake.

Kanuni ninayoishikilia sasa ni hii. Nguo mbili za buluu zenye kitambaa kinachofanana ziachane ngazi mbili za wepesi au zaidi. Zikikaribiana kuliko hapo, vitambaa viachane waziwazi, kwa mfano suruali ya kodrai na sweta la sufu iliyofumwa kwa uzi mnene. Zikishindwa yote mawili, iletwe ya tatu. Hili la ya tatu limenishangaza kwa nguvu yake. Watu wawili wanaofanana kidogo unaweza kudhani macho yamekudanganya, akitokea wa tatu mwenye sura ya katikati unajua ni ndugu. Shati la samawati na suruali ya buluu ya kati vilikuwa vinakwaruzana. Nilipoongeza koti la nili, vyote vitatu vikawa mteremko mmoja, na ule mkwaruzo ukageuka kuwa hatua.

Jinzi nayo inastahili maneno yake. Kitambaa chake kwa kawaida kina nyuzi za wima zilizotiwa nili na nyuzi za mlalo zilizoachwa nyeupe. Nili hiyo haizami hadi moyo wa uzi, inakaa juujuu, kwa hiyo kila msuguano unaufichua weupe wa ndani. Suruali moja iliyovaliwa muda mrefu ina nili kwenye mishono, buluu ya kati kwenye mapaja na samawati magotini. Tayari ni mteremko kamili. Basi kosa la kawaida ni kuitafutia shati linalofanana na sehemu yake nzito. Limechaguliwa shati linalofanana na magoti. Rangi iliyopauka chini inajibiwa juu, na nguo nzima inashikana.

Nili na nyeusi zimenitaka niamue. Chini ya balbu ya manjano nili inakuwa nyeusi, kwani mwanga ule hauna buluu ya kutosha kuirudisha. Juani inarudi kuwa buluu na viatu vyeusi vinabaki vyeusi. Wapo wanaoona hilo ni kasoro. Mimi naona nili juu ya nyeusi ni mojawapo ya jozi bora kabisa za rangi zinazokaribiana, ila kwa sharti: kitambaa cha nili kiwe na mguso wa kuonekana na nyeusi iwe ngozi au kitu chenye mng'ao. Nili laini juu ya nyeusi laini naiacha, kwa sababu kila anayetazama ataanza kutafuta kama ni rangi moja au mbili, naye atasahau kumtazama aliyevaa.

Jioni, kabla taa hazijawashwa, kuna jambo la kuvutia. Mwanafiziolojia wa Bohemia, Jan Purkyně, alilieleza mwaka 1825: giza linapoingia, nyekundu hudidimia na buluu husimama. Seli za macho zinazofanya kazi gizani huhisi zaidi mwanga wa upande wa buluu na kijani. Nguo za buluu zote ngazi zake zinapanda pamoja wakati huo na mteremko haubadiliki. Mtu akiingiza mkanda wa damu ya mzee katikati ya buluu hizo, mchana utakuwa karibu ngazi moja na nili, na jioni utakuwa shimo jeusi kiunoni.

Na ngozi ya mvaaji nayo imo kwenye hesabu. Ni rangi kama nyingine, ina wepesi wake na inakoelekea. Hili linahusu zaidi wanaovaa mchanga na kahawia kuliko wanaovaa buluu: kola ikiwa ngazi moja na shingo na rangi zikikaribiana, ukingo wa uso unapotea. Ikipanda au kushuka ngazi mbili, uso unarudi mbele. Nimelijaribu kwa blanketi la sebuleni mabegani, mbele ya kioo, na tofauti yake ni kubwa kuliko nilivyotarajia.

Aprili

Mpango wa rangi zinazokaribiana haukamiliki siku vitu vinapowekwa mahali pake, kwa kuwa kila kitu kinapauka kwa mwendo wake. Kwenye chumba cha rangi nyingi, mto uliopauka ni mto uliopauka. Hapa, mto uliopauka umehama nafasi yake katika mpangilio mzima.

Viwanda vya nguo hupima ustahimilivu wa rangi juani kwa vipande vya sufu ya buluu vyenye ngazi 1 hadi 8, kila ngazi ikistahimili takriban mara mbili ya iliyotangulia. Kubadilika kwa rangi baada ya kufuliwa hupimwa kwa kadi ya kijivu yenye ngazi 1 hadi 5, 5 ikiwa hakuna badiliko linaloonekana. Nimenunua pazia kwa kuuliza tarakimu ya kwanza, na foronya za mito kwa kuuliza ya pili. Wauzaji wengine wanazo, wengine hawajawahi kuulizwa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ya kupauka kwenyewe ni kuhama. Mchanga wa kitambaa kwa kawaida hupatikana kwa kuchanganya rangi kadhaa, tuseme manjano, nyekundu na buluu kidogo, na hazifi kwa pamoja. Ikitangulia nyekundu, mchanga unaelekea kijani. Ikitangulia buluu, unaelekea chungwa. Kupauka kwa usawa naweza kukivumilia, kwa sababu ni ngazi moja tu ya wepesi na bado uko ndani ya ukoo. Kuhama kwenda kijani kunarudisha ile rangi niliyoitoa Januari.

Kwa hiyo taratibu za matunzo zimewekwa. Foronya zote hufuliwa pamoja, hata ikiwa iliyochafuka ni moja. Vifuniko vya kochi huvuliwa vyote kwa pamoja, vinageuzwa ndani nje, vinaanikwa kivulini. Mito iliyo upande wa dirisha hubadilishana na ya upande wa ukuta. Kipande kimoja cha kila kitambaa kimewekwa ndani ya bahasha gizani, ili mwaka ujao niwe na cha kulinganisha badala ya kutegemea kumbukumbu, maana kumbukumbu ya rangi ni dhaifu mno.

Kwenye kabati ni rahisi zaidi. Koti na suruali zilizonunuliwa pamoja hufuliwa pamoja, hata kama suruali imevaliwa mara nyingi zaidi.

Aprili, mwishoni

Swali lililobaki lilikuwa kama chumba kinahitaji rangi moja kali ya kukiamsha. Nimejaribu kwa kuazima vitu kutoka vyumba vingine na jibu langu ni hapana, ila kinahitaji weusi kidogo. Miguu ya meza ni chuma cheusi, fremu ya kioo ina mstari mwembamba mweusi, basi. Bila hivyo jicho halina pa kupimia na krimu zote zinaelea. Mstari ule mweusi ukiwepo, kila mchanga unapata ngazi yake. Weupe mtupu haufai kwa kazi hiyo. Sahani moja nyeupe kabisa iliyoachwa mezani inazifanya krimu zote zilizo karibu nayo zionekane zimechafuka, na nikiiondoa zinarudi kuwa safi.

Zulia ndilo halijaamuliwa. Vipande viwili viko sakafuni, kimoja kina ngazi moja chini ya kochi, kingine mbili. Vyote vimepita kwenye mwanga wa dirisha na wa taa, na vyote vinaelekea manjano yenye wekundu kama inavyotakiwa. Naelekea kwenye kile kizito. Sakafu hubeba vivuli vya fanicha, na zulia jepesi linaonyesha kila kivuli na kuongeza ngazi ambazo sikuzipanga. Zulia lenyewe litakuwa la sufu iliyokatwa fupi, kwa sababu ile ndefu inabeba alama za nyayo na kila wayo unageuza manyoya na kutengeneza rangi ya pili. Likishatandikwa nitaupima upya ule mto wa mahameli unaopanda. Ukiangukia ngazi moja na zulia, utahamia kwenye kiti cha pembeni, mbali nalo, na ule unaoshuka utabaki kwenye kochi peke yake.